Grupu, voisi, stetasi au simu: njia gani inawafaa marafiki wanaopeana habari za kila siku na hali ya hewa?

Tuko saba. Wawili tupo Amu (Lamu) mjini, mmoja Kizingitini katika kisiwa cha Pate, mmoja Malindi, mmoja Salalah kule Oman, mmoja Dubai na mmoja Toronto. Huyo wa Salalah sijapata kumwona kwa macho. Tulijuana mtandaoni kwa swali moja tu: aliniuliza kama kusi imeshaingia kwetu, maana kwao ikifika Juni huanza manyunyu na ukungu wanaouita kharifu, na alisikia kwa wazee wake kwamba kusi na kharifu ni ndugu. Kweli ni ndugu. Upepo wa kusi unaotutikisa hapa ukivuka ikweta hupinda, ukapita ubavuni mwa Somalia, na sehemu yake ikaenda kulowesha milima ya Salalah. Tangu siku hiyo, kusi ikianza kuvuma mimi humwambia, naye baada ya muda huniletea picha ya ukungu.

Urafiki wetu umejengwa na mambo ya namna hiyo. Mvua imenyesha, haikunyesha. Samaki wamepatikana. Jirani kajifungua salama. Wengine huona ni porojo, lakini mimi naona ndiyo habari yenyewe: mtu anayejua kwamba kwenu jana kulikuwa na upepo anajua pia kwa nini hukulala vizuri. Kwa hiyo njia ya kupelekeana habari hizi si jambo dogo, na watu wengi huniuliza watumie ipi. Sisi tumezipitia nne, na kila moja imetupa kitu na kutunyima kitu.

Tuzipime kwa nini

Mizani yangu ina mawe matano. La kwanza ni kufika: habari inawafikia wangapi, na kwa haraka gani? Habari ya hewa huoza upesi kuliko samaki. "Bahari shwari" ya saa moja asubuhi si ya saa tisa alasiri. La pili ni gharama, yaani bando na nguvu ya mtandao, kwa sababu anayeishi Toronto mwenye intaneti ya waya nyumbani hafanani na aliye kwenye mashua nje ya Pate. La tatu ni ukaribu: baada ya kupokea habari, unamjua mwenzako yu hali gani, au unajua tu kwamba kwao kuna mawingu? La nne ni sitara. Kwetu picha ya uani, sauti ya mtu wa nyumbani, au habari ya mgonjwa si vitu vya kutawanywa. La tano ni kumbukumbu na kuaminika: unaweza kuirudia habari kesho, na unaweza kujua imetoka kwa nani na saa ngapi?

Neno moja kabla hatujaanza. Rafiki anakwambia anachokiona kutoka barazani kwake. Hilo si utabiri. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na mwenye safari ya bahari anahitaji vyote viwili: tahadhari ya wataalamu na jicho la mtu aliyesimama ufukweni asubuhi hiyo.

Grupu la WhatsApp

*Kufika.* Hapa grupu halina mpinzani. Unaandika mara moja, watu saba wanapata. Na kama ni jamaa wakubwa, tangu 2022 grupu moja linaweza kubeba hadi watu 1,024. Mwenzetu wa Malindi akituma picha ya bahari imegeuka rangi ya udongo, sote tunajua mto Sabaki umeshuka na maji ya mvua, na aliye na watu wake bara anajua kwamba huko juu mvua ilinyesha siku zilizopita, kwa sababu mto ule huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi. Picha moja, habari za mahali pawili.

Tatizo ni kwamba habari inafika lakini haionekani. Ikiwa ni Ijumaa na salamu zimemiminika, pamoja na vibandiko vya maua na dua za kusambaza, ujumbe wa "upepo umegeuka" unazama chini kabisa. Na anayelinyamazisha grupu kwa wiki nzima, jambo ambalo ni haki yake, huenda akausoma siku tatu baadaye.

*Gharama.* Maandishi hayali kitu. Picha na video ndizo zinazomaliza bando, hasa kama simu inapakua yenyewe kila kinachoingia. Ukizima huko kupakua kwenyewe kwenye mipangilio, grupu linakuwa rahisi hata kwa mwenye bando la siku moja. Sisi tulimzimia mwenzetu wa Kizingitini, na malalamiko yakaisha.

*Ukaribu.* Wa wastani. Grupu ni baraza: ukikaa barazani unawasikia wote, lakini siri huielezi pale. Mtu anaweza kuandika "Alhamdulillahi, kwema" kila asubuhi mwezi mzima huku nyumbani kwake mambo yamemwelemea.

*Sitara.* Ndogo. Chochote unachokiweka kinaweza kuchukuliwa skrinshoti au kusambazwa. Ujumbe unaojifuta wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90 unapunguza mabaki, lakini hauzuii mkono wa mtu.

*Kumbukumbu na kuaminika.* Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipoumia. Msimu mmoja wa kusi mwenzetu aliandika jioni kwamba bahari imetulia. Ilikuwa kweli, jioni ile. Asubuhi yake mmoja wetu akausambaza ujumbe uleule kwenye grupu la jamaa zake, na jamaa wakapanda boti kwenda Faza na mama yao mzee. Upepo ulikuwa umerudi usiku. Walifika salama, lakini mama alilowa mpaka mifupani na akalala na homa siku mbili. Hakuna aliyesema uongo. Ujumbe ukisambazwa hubeba saa ya kusambazwa, si saa ulipoandikwa mara ya kwanza, kwa hiyo jamaa waliona habari ya "asubuhi hii".

Tangu hapo tuna utaratibu mmoja: habari ya hewa haiandikwi bila mahali, saa, na upepo unatoka wapi. Mfano: "Kizingitini, saa 12:30 asubuhi. Kusi kali. Ndani ya mlango shwari, nje mawimbi makubwa." Ukisambazwa ujumbe wa namna hiyo hata mara kumi, saa yake inasafiri nao. Na maji pia huandikwa, yanajaa au yanakupwa, kwa sababu boti za Pate zinazopita mkondo wa Mkanda zinategemea maji yaliyojaa, na wakati wa kujaa husogea kwa karibu dakika 50 kila siku. Habari ya juzi inaweza kumkwamisha mtu kwenye matope.

Jambo jingine la kuangalia ni ile alama ya mishale miwili, inayoonyesha kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. WhatsApp waliikaza mipaka ya kusambaza dunia nzima mwaka 2019, na mwaka 2020 wakaikaza zaidi: ujumbe wa mishale miwili hupelekwa sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea Tanzania, ambako kilipiga kisiwa cha Mafia tarehe 4, grupu letu lilijaa video za mawimbi yanayobomoa nyumba. Karibu zote zilikuja na mishale miwili. Tulichokifanya ni kuulizana sisi kwa sisi: wewe uliyeko Malindi, toka nje, unaona nini? Jibu lake la mistari miwili lilitutuliza kuliko video zote zile.

*Linamfaa nani.* Kundi la watu wanaojuana, wenye nidhamu ya kuandika mahali na saa, na wenye mtu mmoja wa kusimamia.

Voisi ya mtu kwa mtu

*Kufika.* Voisi, yaani ujumbe wa sauti, hufika kwa mmoja, na husikilizwa anapopata nafasi. Kwa habari ya dharura haifai: aliye kazini au msikitini hawezi kuicheza, na voisi ya dakika nne ikiwa na habari ya upepo mwishoni ni kama barua iliyofungwa ndani ya gunia. Lakini kwa tofauti ya saa haina mfano. Saa moja asubuhi hapa ni saa tano usiku Toronto wakati wa baridi yao, na saa sita usiku wakati wa kiangazi chao. Hatuwezi kukutana hewani kirahisi. Mimi nazungumza nikienda sokoni, yeye husikiliza akiamka.

*Gharama.* Ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Sauti ni nyepesi mbele ya video. Mtandao ukiwa dhaifu inasubiri, kisha inaondoka yenyewe ukirudi.

*Ukaribu.* Hapa ndipo voisi inapowashinda wenzake, kwa maoni yangu. Siku moja nilimtumia mwenzangu wa Toronto voisi kutoka mtaani, nikimweleza mambo ya harusi. Akanijibu: "Kabla hujasema kitu nilimsikia punda, halafu nikasikia upepo kwenye makuti. Nikajua kusi bado." Sikuwa nimetaja upepo. Alikuwa amekaa jikoni, nje kwake theluji, akasikiliza mara tatu kwa ajili ya ule mvumo peke yake.

Kuna na jambo la lugha. Tukiandika, sote tunaandika Kiswahili cha shuleni. Tukizungumza, Kiamu kinarudi: yeo (leo), yua (jua), ndoo (njoo). Watoto wa mwenzetu wa Dubai wanakisikia Kiamu kwa voisi za nyanya yao tu, "yeo yua kali," na wameanza kukisema. Na kuna wazee wetu waliosoma kwa herufi za Kiarabu na hawana raha na herufi hizi za simu. Kwa hao maandishi ni ukuta, voisi ni mlango.

*Sitara.* Nzuri, ukiwa na imani na unayemtumia. Hatari ni spika. Mtu akiicheza mbele za watu, maneno yako yamekwenda sokoni. Sisi tukiwa na la faragha tunaanza na "sikiliza peke yako".

*Kumbukumbu na kuaminika.* Kuaminika ni kukubwa, kwa sababu sauti ya mtu unaijua. Kumbukumbu ni mbaya. Hakuna anayeweza kutafuta neno "mvua" ndani ya voisi hamsini.

*Inamfaa nani.* Marafiki wawili walio mbali kwa saa na kwa nchi, wazee, na mtu mwenye upweke.

Stetasi

*Kufika.* Stetasi ya WhatsApp haimfuati mtu; mtu ndiye anayeifuata. Hudumu saa 24 kisha hutoweka, na huonwa tu na mliohifadhiana namba. Kwa habari ya hewa inafaa pale ambapo si lazima mtu fulani aione: machweo ya Shela, mawingu yaliyofunga Manda, mvua ya kwanza ya vuli ikimwagika kutoka paa la makuti. Jioni ya tarehe 29 ya Shaabani stetasi za watu wote hugeuka mbingu, kila mmoja akionyesha kama kwao kuna wingu au kweupe. Hata hivyo mimi hungojea tangazo la kuandama mwezi, sifungi kwa stetasi.

*Gharama.* Kwa anayeweka ni ya picha moja. Kwa anayetazama inajumlika bila kujua: watu thelathini, kila mmoja na video zake.

*Ukaribu.* Wengi huidharau stetasi kwa kuwa hailazimishi jibu. Mimi nimejifunza kuiheshimu kwa sababu ya orodha ya walioiona. Mwenzetu mmoja alikuwa haandiki kitu, wiki hadi wiki, lakini jina lake lilikuwa halikosi chini ya picha zangu. Likakosekana siku tatu. Nikapiga simu, nikamkuta na malaria, yuko peke yake nyumbani. Kutazama kwake kulikuwa ndiyo salamu yake. Ila ujue kwamba aliyezima tiki za buluu haonekani kwenye orodha hiyo, kwa hiyo usimnunie mtu kwa kutoliona jina lake.

*Sitara.* Unaweza kuchagua wa kuiona: wote, wote isipokuwa fulani, au wachache uliowataja. Ni watu wachache wanaoufungua mpangilio huu, na namba za kwenye simu zetu zina fundi, muuza gesi, na mtu wa boti tuliyesafiri naye mara moja. Wote hao wanaiona sebule yako.

*Kumbukumbu.* Hakuna. Kesho imekwenda.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye marafiki wengi na muda mchache, na mtu mpole asiyependa kubisha hodi.

Simu ya kawaida na SMS

*Kufika.* Bando limekwisha, mtandao wa data umekatika, mwenzako yuko na kile kisimu cha vitufe: simu ya kawaida inaingia. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilipoikata barabara ya Lamu kwenda Garsen, waliokuwa njiani walitupata kwa SMS wakati picha zilikataa kuondoka. SMS ina herufi 160, na herufi 160 zinatosha kabisa kusema "Tumekwama, tuko salama, maji yamepita juu ya barabara, msiondoke Mokowe."

Faida kubwa ya simu ni kuuliza. "Upepo unatoka wapi? Umeanza lini? Wavuvi wametoka?" Maswali matatu, majibu papo hapo. Grupu litachukua nusu saa.

*Gharama.* Ndani ya nchi nafuu, ng'ambo ghali. Wengi hukimbilia kupiga kwa WhatsApp, lakini mwenye rafiki Emirates anajua kwamba simu hizo zimezuiwa kule kwa miaka mingi, ingawa maandishi na voisi hupita. Ndiyo maana na mwenzetu wa Dubai tunaishi kwa voisi.

*Ukaribu.* Mkubwa, lakini unadai wakati wa watu wawili kwa pamoja.

*Sitara.* Simu haiachi picha wala rekodi ya kusambazwa, kwa kawaida. *Kumbukumbu* nayo ndiyo hiyo: uliyoyasikia ndiyo uliyonayo. SMS angalau inabaki.

*Inamfaa nani.* Msafiri, mvuvi, mzee, na yeyote mwenye jambo lisilongoja.

Kwa hiyo, wewe uko hali gani?

Kama mko marafiki watano hadi kumi mliotawanyika na mnataka kujua siku za wenzenu, fungueni grupu dogo, mkubaliane mapema juu ya mahali na saa, na mpige marufuku kusambaza yasiyowahusu. Likifika watu hamsini si baraza tena, ni stendi. Hapo hamisheni mambo ya moyoni kwenye voisi.

Kama ni wawili mnaopendana na kati yenu kuna saa saba au nane, voisi moja kwa siku inatosha. Izungumze ukiwa nje, si chumbani, ili naye asikie kwenu kukoje.

Kama una haya, au una mambo mengi, au hupendi kuulizwa "mbona kimya," weka stetasi. Picha moja ya anga kila asubuhi. Panga kwanza nani ataiona.

Kama kuna safari ya bahari ndani yake, piga simu kwa mtu aliyeko unakokwenda, asubuhi ileile, baada ya kusoma tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa. Grupu lisiwe msingi wa uamuzi huo, hasa kuanzia Juni hadi Agosti.

Kama rafiki yako yuko nchi inayozuia simu za mtandaoni, usilipigie kelele jambo hilo, peana naye voisi na maandishi.

Na kama kati yenu yumo mmoja asiye na simu ya kisasa, msimwache nje kwa kuwa hayumo kwenye grupu. Kwetu ni mzee mmoja wa Matondoni, fundi wa mashua, rafiki ya marehemu baba yangu. Anajua upepo kuliko sisi sote. Kila Jumapili baada ya Alasiri nampigia, namuuliza wiki hii itakuwaje, kisha naandika jibu lake kwenye grupu: Matondoni, saa kumi jioni, na maneno yake kama alivyoyasema.